Televisheni Yenye Deki Tumboni

Mjane mmoja alikuwa na sidii moja, na hakuwa na kitu cha kuichezea. Jina lake Nakijwa. Aliishi Upare, juu mlimani, katika kijiji cha wakulima wa tangawizi, na ndani ya sidii ile mlikuwa na mazishi ya mumewe, Mbonea. Naona wengine mmeanza kutabasamu kwa sababu nimetaja sidii ndani ya nyumba ya ibada. Tabasamuni tu. Tutaonana mwishoni.

Mbonea alipokufa, familia ilimwita mpiga video kutoka mjini, akapiga kila kitu: jeneza, mashada, wanakwaya, walioanguka na waliowainua. Akatoa sidii mbili. Moja akampa Sangiwa, kaka mkubwa wa marehemu. Ya pili akampa mjane, ndani ya kikasha cha plastiki, akakizungushia utepe wa gundi na kutia sahihi yake juu ya utepe pamoja na tarehe, maana alikuwa mtu wa mpango na hakutaka aje kuambiwa kwamba kazi yake ilichezewa. Nakijwa alikiweka chini kabisa ya sanduku la nguo. Kilikaa humo miaka tisa bila kufunguliwa. Angekifungua ili aitazame sidii wapi? Kijiji hakikuwa na umeme, na deki zilikuwa za kuhesabu.

Sangiwa yeye alikuwa na televisheni. Kubwa, ya sebuleni, inayowashwa kwa jenereta, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Rimoti yake ilikuwa bado imo kwenye nailoni ya dukani, na haikukaa mezani hata siku moja. Ilikaa mfukoni mwa shati lake, hata akienda shambani, hata akija kanisani. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya Mbonea, ukoo wote na majirani walikusanyika pale sebuleni, wakavua viatu mlangoni, wakaketi mkekani, na Sangiwa akawaonyesha mazishi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo lilipolala jambo lenyewe. Watu wale walikuwa na desturi. Picha inapofika pale udongo unapoanza kumwagwa kaburini, wote husimama, huimba wimbo mmoja, Sangiwa huzima, watu huenda kula. Walisema ukishazika umemaliza. Walisema kuendelea kutazama baada ya kaburi kufunikwa ni sawa na kumfukua mtu. Ni maneno ya heshima, siyakatai. Lakini kwa miaka tisa hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza nini kilifuata baada ya udongo, na wote walikuwepo siku hiyo, kwa miguu yao.

Kilichofuata ni hiki. Baada ya mashada, mzee, baba yao Mbonea na Sangiwa, alichukua kipaza sauti akasema neno kuhusu shamba. Lilikuwa shamba la Mbonea, chini kidogo ya ndiva, yaani lile bwawa la kijiji ambalo watu hufunguliana maji kwa zamu. Shamba lililo karibu na ndiva hunywa kwanza, na tangawizi yake haijui kiangazi. Nakijwa hakusikia neno lile. Alikuwa ameshaingizwa ndani ya nyumba, hatua chache kutoka kaburini, wanawake wamemzunguka wakiimba, na kupitia dirishani aliisikia sauti ya mkwewe ikivuma bila kuyapata maneno. Jioni mmoja wa wale wanawake alimnong'oneza kwamba asiwe na hofu, mzee amesema. Amesema nini? Nakijwa hakuuliza. Alikuwa na msiba, na mtu mwenye msiba anaona kila kitu kitakuwepo kesho. Lilikuwa kosa lake, na yeye mwenyewe alilikiri baadaye. Mwaka uliofuata mzee naye akafa.

Miaka tisa Nakijwa alilima shamba lile bila kubughudhiwa. Alimsomesha binti yake, Naelijwa, kwa tangawizi ile, mpaka binti akafika kidato cha pili katika shule ya bweni. Hakuwa na mtoto mwingine, wala shamba lingine. Kisha tangawizi ikapanda bei, na Sangiwa akakumbuka ghafla kwamba shamba lile ni la ukoo. Alimwambia shemeji yake, kwa upole kabisa, kwamba aliazimwa tu, kwamba hana mtoto wa kiume wa kulirithi, na kwamba siku ya kumbukumbu ya mwaka wa kumi wazee watakaa baada ya chakula na shamba litarudi kwa wenyewe. Yaani mtu avuliwe shamba lake siku ile ile anayomkumbuka mumewe, tena baada ya kushiba pilau. Haya!

Nakijwa akaenda kuuliza, maana sasa alihitaji kujua mzee alisema nini. Alikwenda kwa jirani yake wa kulia. Jirani akasema siku ile yeye alikuwa kwenye masufuria, hakusikia kitu. Akaenda kwa wa kushoto; naye alikuwa kwenye masufuria. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anapanga magari. Mwanakwaya mmoja alikuwa amekwenda kutafuta maji ya kunywa. Hata yule mwanamke aliyemnong'oneza jioni ile, sasa alikunja uso akasema labda alimsikia mtu mwingine, na msiba wenyewe ni wa zamani. Ukiwajumlisha watu waliokuwa kwenye masufuria siku ile, utajiuliza ni nani aliyemzika Mbonea.

Msiwashangae. Mashine ya kusaga ilikuwa ya Sangiwa. Pikapu ya kushushia tangawizi sokoni ilikuwa ya Sangiwa. Alikuwa mzee wa kanisa, na funguo za stoo ya kanisa zilikuwa kwake. Hakumtisha mtu yeyote, hilo nitamtendea haki. Hakuwa na haja ya kumtisha mtu.

Mwisho Nakijwa alikwenda kwa Sangiwa mwenyewe. Alimwomba kitu kimoja tu: aiwashe sidii na kuiacha iendelee baada ya udongo. Sangiwa akamjibu kwa masikitiko kwamba pale mbele imekwaruzika tangu mwaka wa kwanza, ukilazimisha itaua deki. Ili shemeji yake aamini, akaitoa, akaishika kwa vidole viwili na kumwonyesha akiwa amesimama mbali. Sasa, Sangiwa alikuwa mwanamume ambaye hajawahi kuosha sahani. Nakijwa alikuwa ameosha sahani tangu akiwa na miaka sita, na alijua kitu kilichokwaruzwa kinavyoonekana ukikielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Ile ilikuwa safi, haina hata mstari. Akasema asante shemeji, akavaa viatu vyake mlangoni, akaondoka.

Njiani alilia. Sitawaficha, alilia kwa hasira, na watu walimwona. Alipofika nyumbani alikuwa ameshamaliza kulia.

Mtauliza kwa nini hakwenda kwa mwalimu mkuu, aliyekuwa na deki. Alikwenda. Deki ya mwalimu iliharibika siku hiyo hiyo aliyoombwa, na ikapona wiki iliyofuata, wakati wa mpira. Mtauliza kuhusu deki ya kanisa. Nimeshawaambia funguo za stoo zilikuwa kwa nani. Mtasema angeshuka mjini, kwenye banda la video, akatazama peke yake. Hilo alilifikiria usiku na mchana, na hapa ndipo ninapompenda mama huyu. Alijua kwamba akiutoboa utepe ule mjini, watasema sidii ilichezewa mjini. Ule utepe wenye sahihi ndio uliokuwa shahidi wake wa pekee ambaye hakuwahi kwenda kwenye masufuria. Kwa hiyo sidii lazima ifunguliwe mbele yao, itazamwe mbele yao, uwanjani kwake, pasipo na umeme, pasipo na jenereta ya mtu, pasipo rimoti ya mtu.

Na hakujua ndani mlikuwa na nini. Mkumbuke hilo. Huenda mzee alisema shamba lirudi kwa Sangiwa. Huenda hakulitaja shamba kabisa. Huenda sidii yenyewe ilikuwa imeshaoza sandukuni. Alikuwa anakwenda kuweka maisha yake na ya mwanawe juu ya jambo ambalo hajaliona.

Akauza mtamba wake. Alikuwa na mmoja tu, mwenye mimba ya kwanza. Kijiji kizima kilisikia, na kilichowauma si mtamba, ni kile alichokwenda kununua. Mjane kauza mtamba kanunua tivii! Walisema amechanganyikiwa. Walisema anatafuta mume kwa mbwembwe. Wanawake wa jumuiya walimtuma mwenzao mmoja aende kumshauri, na yule mshauri alikuwa ni yeye yule wa mnong'ono. Nakijwa alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na asubuhi yake akapanda gari la kwenda mjini.

Dukani mwenye duka alimpeleka moja kwa moja kwenye zile pana zinazobandikwa ukutani. Akamsifia rangi, akamsifia sauti, akamwambia mama mwenzake amechukua mbili. Nakijwa akauliza swali lake moja: hii inameza sidii yenyewe? Haimezi, mama, deki unanunua pembeni, na waya zake, na fundi wa kukufungia. Akakataa. Hakutaka kitu cha vipande viwili ambavyo mtu anaweza kuja kuvitenganisha. Alitembea mwenyewe hadi nyuma ya duka, na pale chini, kati ya pasi na feni, akaiona: televisheni ndogo, pana kama sinia la chai, ina deki yake tumboni, na waya wa kuunganisha kwenye betri ya gari. Mwenye duka akacheka. Alisema hiyo ni ya madereva wa malori, wanaining'iniza mbele wakiwa safari, nyumbani kwa watu itamtia aibu. Nakijwa alimwambia aiwashe. Akaijaribu kwa sidii ya kwaya ya pale dukani. Ya kwake aliiacha imefungwa kwenye pindo la kitenge. Ilimeza, ikaimba. Akalipa, akaibeba kichwani ndani ya boksi lake, na hakujali ni nani anamtazama.

Siku ya kumbukumbu ya mwaka wa kumi ilipofika, watu walipeleka viatu vyao kwa Sangiwa kama kawaida. Walikuta mlango uko wazi, mkeka umetandikwa, kitambaa kimeondolewa, na mjane hayupo. Ikaja salamu kutoka kwake: mwaka huu mwenye msiba anawakaribisha nyumbani kwake, chakula kipo. Walitazamana. Hakuna desturi inayokuruhusu kukataa mwito wa mwenye msiba, hata kama hupendi, na Sangiwa alikuwa mtu wa desturi kuliko wote. Wakavaa viatu, wakaenda. Njia nzima walikuwa wakicheka ile tivii ya malori.

Nakijwa alikuwa ameiweka juu ya stuli katikati ya uwanja, ndani ya boksi lake lililolazwa ubavu, ili jua lisiufute mwanga wake. Betri ya gari aliyokodi sokoni ilikuwa chini. Kwa udogo wake iliwabidi watu wasogee, wainame kidogo, wabanane mabega, wazee na wanakwaya na mwenyekiti wa kitongoji. Akakitoa kikasha. Alimpa mzee mmoja wa ukoo, mwenye miwani, asome sahihi na tarehe juu ya utepe, mzee akasoma kwa sauti, akathibitisha kwamba haujaguswa. Ndipo akauchana.

Wakatazama. Jeneza likatoka. Kwaya ikaimba. Watu wakaanguka na wakainuliwa. Ilikuwa ni ile ile waliyoizoea, ila ndogo. Udongo ulipoanza kumwagwa, wote wakanyooka kama walivyozoea, wakaimba wimbo wao, na wimbo ulipokwisha walianza kugeuka kuelekea kwenye sufuria, maana pilau ilikuwa inanukia. Sangiwa akanyoosha mkono ili mtu azime. Nakijwa alikuwa amesimama kati ya mkono ule na televisheni yake.

"Leo tutaitazama mpaka mwisho, shemeji," alisema.

Hakupaza sauti. Ila alisema kwa namna ambayo waliokwisha kugeuka waligeuka tena. Sangiwa alicheka kidogo, akasema pale mbele imekwaruzika, kila mtu anajua. Kisha, nadhani bila hata kufikiri, kwa mazoea ya miaka tisa, aliingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa rimoti yake kwenye nailoni, akaielekeza kwenye boksi lile, akabonyeza. Akabonyeza tena. Akasogea hatua moja akabonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu. Televisheni ya mjane haikumjua. Iliendelea na udongo wake, na mashada yake, mpaka kaburi likawa kilima, na haikukwama popote.

Akatokea mzee. Alikuwa na kofia yake ile ile, ameshika kipaza sauti karibu mno na mdomo. Alisema, na sauti ilisikika mpaka barabarani: "Shamba la chini ya ndiva nilimpa Mbonea. Mbonea ameondoka, mke wake hajaondoka. Shamba ni la Nakijwa na mwanawe. Sangiwa, umesikia?"

Picha ikahama, ikamwonyesha Sangiwa, kijana kidogo kuliko leo, kofia mkononi, ameinamisha kichwa. "Nimesikia, baba."

Mzee hakutosheka. Alikuwa mtu mwenye kuwajua watu wake. Akageuka, akawatazama waliojaa pale makaburini, akauliza: "Nanyi mmesikia?"

Mpiga video yule, mtu wa mpango, aliizungusha kamera yake polepole, akampiga mmoja mmoja. Jirani wa kulia alikuwepo, mstari wa mbele. Wa kushoto alikuwa nyuma yake, hana mwiko wala sufuria. Mwenyekiti wa kitongoji hakuwa anapanga gari lolote. Mwanakwaya yule hakuwa na kiu. Yule mwanamke wa mnong'ono alikuwa ameinua mkono wake wote juu, ametoka tu ndani kumbembeleza mjane, na machozi yakiwa bado usoni. Wote walifungua vinywa vyao pamoja na kusema: "Tumesikia."

Uwanjani hakuna aliyetazama mwenzake. Hawakuweza hata kukaa, kwa kuwa walikuwa wamesimama kwa heshima. Walijiona pale, wadogo kama kidole, wakiapa.

Sangiwa alirudisha rimoti mfukoni. Hakuomba radhi siku ile, na mimi sitamwongezea toba ambayo hakuwa nayo. Wazee walikaa baada ya chakula kama alivyopanga, na kikao kilikwisha kabla chai haijapoa, maana hapakuwa na la kusema. Zamu ya ndiva ilipofika, maji yalishuka kwa Nakijwa kwanza. Mtamba hakurudi. Televisheni ndogo aliibeba ndani, akaifunika kwa kanga, na wale walioicheka njia nzima walikuwa wakipita mbali na uwanja wake kwa muda mrefu.

Nimemaliza. Najua wengine wenu mnafikiri nimemsema Sangiwa. Sangiwa alikuwa mmoja, na shida yake ilikuwa shamba moja. Mimi nimekuja kwa ajili ya wale wengine, waliojaa uwanja mzima. Zipo sidii ambazo bado hazijafunguliwa, na utepe wake upo, na mwenye kupiga picha hakuruka uso wa mtu. Sitawauliza kama mmesikia. Hata wale walisikia. Ninawauliza hivi: siku ile picha itakapopita kaburi na kuendelea, na sura yako ikatokea pale mbele umefungua kinywa, utamwambia nani kwamba ulikuwa kwenye masufuria?